Kizibo cha Nahodha

Kanuni ya boti ilikuwa moja, nayo iliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao juu ya mlango wa chumba cha usukani: ALIYEONJA HAOGELEI. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, nahodha aliongeza kwa mkono wake mwenyewe maneno mawili: HATA MIMI.

Wageni wengi waliyacheka hayo mawili ya mwisho. Walidhani ni utani. Nahodha alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpana wa mabega kwa kuogelea tangu utotoni, na kabla ya kununua boti alikuwa amefundisha kuogelea katika shule ya wasichana kwa miaka kumi na minne. Bado alisema na watu wazima kana kwamba wamesahau taulo nyumbani. Mtu wa namna hiyo haandiki utani ubaoni.

Safari yake ilikuwa ya kutwa. Boti ilitoka gatini saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, ikipita visiwa vitatu. Cha kwanza kilizungukwa na matumbawe. Hapo wageni walivaa miwani ya kuzamia, wakauma bomba la kupumulia, wakaelea kifudifudi kutazama samaki. Cha pili kilikuwa mchanga mtupu, na hapo walikula. Cha tatu kilikuwa na kilima chenye shamba la mizabibu, na mzee mwenye shamba aliwaonjesha mvinyo wake katika ghala la mawe. Maji, chakula, mvinyo. Mpangilio huo ulikuwa haujawahi kugeuzwa hata siku moja.

Sababu alikuwa nayo. Zamani, akiwa msaidizi kwenye boti ya mtu mwingine siku za likizo, alimvuta majini kijana aliyekuwa amekunywa bilauri tatu, akaruka ili aonyeshe ubingwa. Kijana alipona. Lakini jioni ile mwenye boti alifungua kitabu cha safari akaandika, "Safari njema." Maneno hayo yalimkaa rohoni kuliko midomo ya kijana iliyokuwa imegeuka rangi.

Kwa hiyo alipopata boti yake alibuni vizibo. Mzee wa mizabibu alimpa mfuko mzima wa vizibo vya chupa, na mumewe, ambaye ndiye fundi wa injini na mpishi wa boti, akavitoboa, akavitia kamba, akaviandika namba kwa brashi nyembamba kwenye meza ya jikoni. Kila mwaka alivipaka upya. Mwezi mmoja kabla ya msimu, dirisha la jikoni kwao lilijaa vizibo vilivyoning'inia vikikauka, na mtu wa kuosha vyombo aliosha huku vikimgonga kwenye paji la uso. Kila mgeni alivaa kizibo chake shingoni tangu gatini. Mwenye kizibo aliruhusiwa kuingia majini. Kabla ya kupokea bilauri, alikivua na kukitia kwenye kikapu, na habari ya kuogelea ikaishia hapo. Namba moja ilikuwa ya nahodha mwenyewe.

Kulikuwa na jambo moja alilolitaka sana. Ofisi ya bandari ilimpa cheo cha mkufunzi wa manahodha mtu yeyote aliyemaliza miaka kumi bila doa katika kitabu chake cha safari. Yeye alikuwa amemaliza miaka tisa na miezi minane. Alikwisha kuandaa masomo yake katika madaftari mawili yenye majalada ya kijani, na kila Jumapili mchana alikaa sebuleni akimfundisha mumewe kana kwamba ni darasa zima.

"Swali," mumewe, Fundi, alikuwa akisema, ameinua mkono. "Mwalimu, naomba kwenda kupika."

"Kaa chini. Bado hatujamaliza upepo."

Siku tunayoisimulia, wageni walikuwa walimu wastaafu kumi na wanne. Walifika gatini mapema, wamevaa kofia za aina moja, wamejipanga wawili wawili bila kuambiwa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu, na hata sasa wenzake walimwita hivyo hivyo, Mwalimu Mkuu. Mumewe alikuwa amefundisha hesabu, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye meno meupe yaliyopangika kupita umri wake.

Kabla kamba hazijafunguliwa, simu ya nahodha iliita. Alikuwa mzee wa mizabibu.

"Binti yangu, leo nakamua," alisema. "Wavunaji wanaingia ghalani saa saba. Baada ya hapo hata paka hapiti. Njooni asubuhi, au njooni kesho."

Walimu hawakuwa na kesho. Basi lao la kurudi lilikuwa la jioni ile ile. Nahodha alisimama juu ya sanduku la majaketi ya kujiokolea.

"Sikilizeni. Leo tunaanza na mvinyo, halafu chakula, halafu maji. Atakayeonja, haogelei. Atakayeogelea, haonji. Kila mtu achague moja."

"Mtihani wa kuchagua jibu sahihi!" akasema mmoja kutoka nyuma.

Mwalimu wa Hesabu aliinua mkono. "Na nikionja kisha nikatema? Nasikia wajuzi wa mvinyo hutema."

"Ulimi utakuwa umeonja."

"Lakini tumbo halijaonja."

"Ubao haukutaja tumbo, mwalimu."

"Mume wangu, kaa," akasema Mwalimu Mkuu. "Miaka thelathini uliwanyima watoto nusu alama, leo wewe unaomba nusu kanuni?"

Boti nzima ikacheka, naye akakaa. Wanane walichagua mvinyo, Mwalimu Mkuu akiwa wa kwanza. Sita walichagua maji, na wa kwanza wao alikuwa mumewe. "Mvinyo nimeuona madukani," alijitetea. "Samaki wa rangi ya buluu sijawahi kumwona akiwa hai."

Ghala lilikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizolowa. Wale wanane walitumbukiza vizibo vyao kikapuni mmoja mmoja, kama watu wanaopiga kura, wakazunguka meza ndefu. Mzee aliwamiminia kidogo kidogo, akiwafundisha kuzungusha bilauri, kunusa, kungoja. Wale sita walisimama ukutani wakiwa na vizibo shingoni. Walitazama kama watoto walioadhibiwa.

"Kunusa ruhusa?" aliuliza Mwalimu wa Hesabu.

"Ruhusa," alijibu nahodha.

Akainamia bilauri ya mkewe, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Nasikia harufu ya… ndoa."

"Hiyo ni harufu ya pipa," akasema mkewe. "Toa pua yako."

Walipokwisha kuonja aina tatu, mzee aliingia nyuma ya mapipa akarudi na chupa isiyo na karatasi wala jina, na bilauri moja ndogo. Hakuwatazama wageni. Alimwendea nahodha.

Miaka saba iliyopita ugonjwa ulikuwa umekausha nusu ya shamba lake. Nahodha ndiye aliyemletea miche mipya mia mbili kutoka bara, imefungwa kwa magunia yenye unyevu, siku ambayo bahari ilikuwa mbaya na hakuna boti nyingine iliyotoka. Aliifunika kwa koti lake la mvua, yeye akalowa. Chupa ile ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye miche hiyo.

"Huyu ndiye aliyeileta miche ya mvinyo huu," mzee aliwaambia walimu, akasimulia yote: magunia, mawimbi, koti. Kisha akamgeukia. "Binti yangu, miaka yote hii unanikatalia. Mwaka jana nilisema haya, mwaka ujao. Mimi nina miaka themanini na moja. Unataka nikuonjeshe nikiwa wapi?"

"Mzee wangu, unajua kanuni yangu."

"Kanuni inasema usiogelee. Kwani leo unaogelea wewe? Si wanaogelea wageni?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha vizibo. Alisema kwa sauti ya chini, "Nahodha, tuna watu sita wa majini."

Alimsikia. Hilo lisisahaulike. Lakini watu kumi na wanne walikuwa wakimtazama, na mzee alikuwa bado amemnyooshea bilauri. Haikuwa kiu, wala haikuwa tamaa. Katika maisha yake alikuwa hajaona sababu ya kunywa. Ilikuwa heshima, na heshima ni mlango ambao watu wema wengi hupitia wanapokwenda kukosea. Alikivua kizibo namba moja, akakitia kikapuni mbele ya wote, akapokea bilauri, akanywa funda moja.

Walimu walipiga makofi. Mzee alijifuta macho kwa aproni.

Na makofi hayo ndiyo yaliyomharibia hesabu. Alikuwa ametimiza kanuni mbele ya mashahidi, kizibo kikapuni, kila kitu wazi, hivyo alijiona msafi. Usukani alimkabidhi mumewe, ambaye alikuwa na cheti cha kuendesha, akaketi mbele ya boti mikono magotini. Hata kwenye kisiwa cha mchanga, wakati wengine wanakula na kutaniana, alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Fundi alimwita pembeni alipokuwa akiosha sufuria kwa maji ya chumvi.

"Waambie leo hakuna kuogelea."

"Watu sita wameacha mvinyo kwa ajili ya maji. Niwaambieje?"

"Waambie mwokoaji wao ameonja. Kwenye boti hii mwenye cheti cha uokoaji ni mmoja, naye si mimi. Mimi naogelea mpaka ngazini tu, na hiyo ni kama nimedondokea karibu na ngazi."

"Maji pale ni ya kifua. Na kila mtu atakuwa na jaketi."

"Ya kifua cha nani?" aliuliza Fundi, akamtazama Mwalimu wa Hesabu, ambaye wakati huo alikuwa amesimama juu ya jiwe ili apigwe picha awe sawa na mkewe.

Nahodha alicheka. Angelia, ingekuwa afadhali. "Funda moja, Fundi. Saa tatu zilizopita."

"Mimi sikuliandika lile bango," alisema mumewe, akarudi kwenye sufuria.

Walitia nanga kwenye matumbawe saa nane na nusu. Maji yalikuwa maangavu kama kioo, na wale sita walishuka ngazi mmoja mmoja na majaketi yao ya rangi ya chungwa. Wale wanane wa mvinyo walijipanga ukingoni na kuwasimamia kama mtihani. "Usinakili kwa jirani!" walipiga kelele. "Tazama karatasi yako!" Nahodha alisimama juu ya sanduku na kuhesabu. Sita. Akahesabu tena. Sita.

Kilichotokea chini ya maji, Mwalimu wa Hesabu alikieleza baadaye. Alikutana na samaki mnene mwenye midomo iliyobinuka na macho ya dharau, akamkumbuka mkaguzi mmoja wa shule aliyewahi kumsumbua. Alicheka na bomba mdomoni. Maji yakaingia, akakohoa, na meno yake ya juu, yale meupe yaliyopangika, yakatoka pamoja na bomba. Aliyaona yakishuka polepole, yakitua mchangani kati ya matumbawe mawili. Sehemu ile haikuwa ya kifua. Ilikuwa ya watu wawili, mmoja amesimama mabegani kwa mwenzake. Alijaribu kuzama, jaketi likamrudisha juu. Mtu aliyefundisha hesabu haendi kinyume na ushahidi: tatizo ni jaketi. Akalivua.

Nahodha alihesabu mara ya tatu. Majaketi yalikuwa sita. Vichwa vilikuwa vitano.

Jaketi la sita lilielea tupu, mikanda imefunguka.

Hakupiga filimbi. Hakuuliza. Fundi anasema hakuona hata alivyovua viatu. Aliona sanduku tupu, kisha povu. Mwalimu Mkuu akashika reli kwa mikono miwili.

Alimkuta karibu na chini, mashavu yamejaa hewa, anachimbua mchanga kwa mikono. Alimkamata kwa nyuma chini ya makwapa, akasukuma kwa miguu, wakapasua uso wa maji pamoja.

"Niachie!" alipiga kelele mwalimu, akimwaga maji. "Niachie, mama, yapo pale!"

"Nini kipo pale?"

"Feno! Feno yangu!"

Ilichukua muda kabla boti haijaelewa. Kisha mwanamke aliyekuwa ameshika reli akalegea, akapumua, akasema kwa ile sauti iliyonyamazisha mabaraza ya asubuhi miaka mingi: "Wewe! Ungeniacha mjane kwa ajili ya meno?"

"Wewe fwenyewe ndiye uliyeyapenda!" alijibu mumewe kutoka majini, na kicheko kilichopasuka hapo kilifanya boti itikisike. Mmoja wa wale wa mvinyo alicheka mpaka akaketi sitahani.

Nahodha alimpandisha ngazini, akamfunika taulo. Kisha akarudi chini. Meno yalikuwa yamekaa wima mchangani yakimchekea, na samaki mwenye midomo iliyobinuka amesimama mbele yake kama anayekagua. Aliyaleta juu, akayasuuza kwa maji ya kunywa, akamkabidhi mwenyewe mbele ya darasa. Walimu wakampigia makofi kwa mara ya pili siku ile.

Safari ya kurudi ilikuwa ya nyimbo. Mwalimu wa Hesabu aliketi na meno yake mdomoni, akimweleza kila aliyetaka kusikiliza kwamba yeye hakuwa anazama, alikuwa anazamia, na kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti kubwa. Nahodha aliketi chini ya ubao, nywele zinadondosha maji. Hakuna mgeni aliyekumbuka kikapu cha vizibo. Fundi tu ndiye aliyekuwa nacho karibu na mguu wake, namba moja ikiwa juu kabisa.

Gatini, wageni walipokwisha kuaga na kukumbatiana, alichukua kitabu cha safari.

"Unaandika nini?" aliuliza Fundi.

"Kilichotokea."

"Kilichotokea ni kwamba mwalimu amepata meno yake. Mke wangu, imebaki miezi minne tu. Mimi nimeketi kwenye darasa lako kila Jumapili mpaka upepo naujua kwa majina. Andika safari njema tulale."

Alimtazama, naye Fundi akajua amesema maneno gani. Aligeukia injini akaanza kuifuta mahali palipokuwa safi.

Nahodha aliandika mistari saba. Aliandika kwamba aliruhusu watu sita kuingia majini bila mwokoaji halali, kwa kuwa mwokoaji alikuwa ameonja mvinyo, na kwamba mwokoaji huyo aliingia majini hivyo hivyo. Akaenda nacho ofisi ya bandari, chumba chenye kaunta ya mbao, kalenda tatu na feni inayolia. Afisa wa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alisoma, akainua macho.

"Mwalimu, kuna mgeni amelalamika?"

"Hakuna. Wamenibusu."

"Kuna mtu ameumia?"

"Samaki mmoja amekasirika."

Afisa alicheka, akasukuma kitabu kurudi upande wa pili. "Basi chana ukurasa huu, uandike mwingine. Mimi sijasoma kitu."

Nahodha hakukigusa. "Ulipokuwa ukigeuka bwawani bila kugusa ukuta, nilikufanya nini?"

Msichana yule, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, alikivuta kitabu kurudi kwake. "Ulinirudisha mwanzo wa mzunguko."

"Hata nilipokuwa sijakuona?"

"Nilikuwa nakuja kusema mwenyewe," alisema, akavuta mhuri.

Njiani kwenda nyumbani Fundi alibeba kikapu. Walipita mtaa mzima mpaka kwenye kona ya duka la vifaa vya umeme, ndipo akashindwa kujizuia.

"Hebu niambie. Ulikuwaje huo mvinyo?"

"Mchachu," alisema nahodha.

Fundi alisimama. Akaanza kucheka, naye akacheka, watu wazima wawili wameshikana mabega mbele ya duka, vizibo vikigongana kikapuni, mpaka mwenye duka akatoka kuona kulikoni. Mzee wa mizabibu hakuambiwa hilo, na hapaswi kuambiwa. Jumapili iliyofuata madaftari ya kijani yalirudishwa kabatini, na Fundi akainua mkono sebuleni bila sababu, kwa mazoea.

Kuonja funda moja na kuwaacha watu sita majini bila mwokoaji kulimwondoa usukanini kwa siku tisini, na miaka yake tisa na miezi minane ikafutwa. Ofisi ya bandari inahesabu upya kuanzia mwaka wa kwanza. Akimaliza kumi bila doa, atakuwa na miaka sitini na miwili.